Kengele ya Bibi Ilisikika Mpaka Korongoni

Afisa mifugo alikuja hapa kwangu Itetemia kuwavalisha ng'ombe wangu wawili heleni. Mwanamke mchangamfu, amevaa buti za mpira, shikamoo yake ya heshima kabisa. Heleni yenyewe ni kidude cha plastiki cha njano, na ndani yake, alivyoniambia, kimefichwa kitu kidogo sana kinachotunza namba ya ng'ombe. Akakipachika sikioni, ng'ombe akaruka, mimi nikamtukana ng'ombe. Kisha akatoa mashine ya mkononi, akaisogeza kwenye lile sikio, ikalia kidogo, namba ikatokea kwenye kioo chake.

"Na hiyo mashine inasikia mpaka umbali gani?" nikamuuliza.

"Hii ya mkononi unaisogeza karibu, bibi. Shibiri hivi, ukibahatika shibiri mbili. Zile kubwa zinazofungwa kwenye mlango wa josho zinaweza kufika hatua moja. Tena inategemea sikio limeelekea wapi, na kama pana vyuma vingi karibu. Na ng'ombe wakibanana, inachanganyikiwa."

"Shibiri! Ala! Na akipotea porini je?"

"Akipotea haimtafuti, bibi," akasema, na alikuwa anacheka. "Inamtambua akishapatikana."

Nilimwambia kwamba kumtambua aliyepatikana hata mimi na macho yangu haya ya ukungu naweza. Nilisema kwa ukali kuliko alivyostahili. Akadhani namtania, akaendelea kucheka, akanywa chai yangu, akaenda zake kwa jirani. Mimi nikabaki nimekaa kwenye kibao jikoni na chai yangu ikapoa, kwa sababu mtu mzima haulizi swali kama lile bure. Katika maisha yangu nilishapima umbali wa kusikika, kwa sikio hili la kulia, na niliyekuwa nampimia hakuwa ng'ombe. Alikuwa bibi yangu, mama yake baba.

Kwetu kwa asili si hapa. Ni upande wa magharibi, njia ya kwendea Ulyankulu, pembeni kabisa ya ile njia ya zamani ya misafara. Siku hizo njia yenyewe ilikuwa imebaki kama mfereji mpana wenye nyasi fupi, lakini Bibi aliijua kila kona. Baba yake alikuwa mpagazi, tena kirangozi, yule anayetangulia mbele ya msafara. Bibi alikuwa akituhadithia kwamba baba yake alifunga njuga miguuni, kwa sababu wenzake waliokuja nyuma na mizigo kichwani hawakuona kitu kwa majani marefu. Walifuata mlio. Njuga zikinyamaza, msafara wote unasimama.

Bibi alipenda hadithi hiyo kuliko zote, na mimi nikiwa mjukuu wa kike aliniita mke mwenzake, akanitania mpaka nikalia. "Mke mwenzangu hajui kusonga ugali, mume wetu atakufa na njaa," akisema, na mume mwenyewe ni babu, alishazikwa zamani nyuma ya nyumba. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye mdomo. Mdomo huo ndio nilioupata mimi, na sikuupata kwa mtu mwingine.

Halafu ikaja operesheni. Uhuru tulishaupata, tukaimba, tukachoma nyama. Miaka ikapita, tukaambiwa sasa watu wasikae wametawanyika porini, wasogee pamoja wawe kijiji. Tutapata shule, zahanati, maji ya bomba. Shule tuliipata, sitasema uongo, na watoto wa wadogo zangu wamesoma pale. Zahanati ilikuja baadaye. Bomba tulilisubiri mpaka tukasahau tunasubiri nini. Baba aliamini. Baba alikuwa mtu wa kuamini na mtu wa kuogopa, na vitu hivyo viwili vikikaa kichwa kimoja, nyumba nzima hupata taabu.

Lori lilikuja asubuhi, na mgambo juu yake. Tukapakia vitanda, mitungi, kuku, mlango. Jiwe la kusagia la Bibi lilikuwa kubwa, mgambo wakasema libaki, kijijini kutakuwa na mashine. Bibi akakaa juu ya jiwe. Baba akamwinua kwa kumkumbatia, akamweka kwenye lori, naye Bibi hakusema neno, jambo ambalo lilinitisha kuliko kama angetukana. Tulipofika kwenye kona tukaona moshi. Walikuwa wamechoma paa ili tusirudi.

Kijiji kipya kilikuwa na nyumba zilizopangwa mistari, na kutoka kwetu kwa zamani ni mwendo wa asubuhi nzima kwa mtu mwenye miguu mizima. Katikati palikuwa na pori la miyombo, kisha korongo linalojaa maji wakati wa mvua, kisha pori tena. Ng'ombe wetu wakachanganywa na wa wengine kwenye zizi moja kubwa. Kila alfajiri kengele ya shuleni inapigwa, watu wazima wote tunaenda shamba la kijiji, na anayekosa anaandikwa. Kwa hiyo mchana kijijini wanabaki wagonjwa, watoto wa shule, na vikongwe.

Bibi alianza kuondoka kabla hata hatujamaliza kukandika kuta. Mara ya kwanza alikutwa na wachoma mkaa njiani, ana kibuyu cha maji. Wakamuuliza anakwenda wapi, akasema amesahau kufunga mlango. Mlango! Mlango tulikuja nao, tulikuwa tunaufunga na kuufungua kila siku. Mara ya pili alisema kuku wake wanataga porini. Mara ya tatu hakusema kitu. Kila anaporudishwa anakula vizuri, analala vizuri, na baada ya siku chache hayupo.

"Akili zinamtoka mama," Baba akasema, na sisi wote tukakubali. Mambo yenyewe yalionekana hivyo.

Balozi wetu wa nyumba kumi akaja kumkanya Baba. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na wakubwa wake. Alisema wanaorudi kwenye matongo, yale makazi tuliyohamishwa, wanahesabiwa kuwa wanapinga operesheni, na ikijulikana kwamba mama yake anarudi kila mara, Baba ataulizwa. Akaongeza kwamba pori lile lina fisi. Kisha akamwonea huruma, akasema, "Mzigo huo, ndugu yangu."

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," Baba akamjibu, na nilimpenda Baba kwa jibu hilo. Nilimpenda kwa siku kama mbili.

Siku ya tatu alirudi kutoka kwenye zizi la kijiji na kengele. Ilikuwa kengele ya ng'ombe wetu jike aliyekuwa akitangulia kundi, ambaye alikufa mara tu baada ya kuhamia. Babu aliitengenezesha kwa mhunzi mmoja wa mjini Tabora, mtu wa pale wa siku nyingi, mwenye duka mbele na karakana nyuma. Chuma kizito, mdomo mwembamba, ulimi wake umefungwa kwa ngozi. Ililia sauti kavu, ya chini kidogo kuliko kengele nyingine, na sisi tuliochunga tungeijua hata katikati ya kengele za kijiji kizima. Baba akaiweka mezani, akaanza kukata ukanda wa ngozi.

Mama akauliza ni ya nini. Baba akamwambia.

"Utamfunga mama yako kengele?" Mama alisema hivyo polepole, kama anayemwuliza mtoto kama ni kweli amekula udongo.

"Nimfunge kamba? Nimfungie ndani kama mbuzi? Tunatoka asubuhi, tunarudi jioni. Nani wa kumkalia?"

"Nitamkalia mimi."

"Utaandikwa."

"Waniandike. Wino ni wao."

Baba akaendelea kukata ukanda. Alikuwa ameshaamua, na mtu mwoga akishaamua, huwezi kumrudisha, kwa sababu kurudi nako anakuogopa. Aliniita mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sijaolewa bado, na kwa kuwa nilichunga tangu nina meno ya utoto. Sikio langu lilikuwa linasifika. Tukaenda kuipima ile kengele.

Ilikuwa kiangazi, miti imepukutisha majani, nyasi zimeungua, upepo mdogo. Baba alitembea nayo akiitikisa kwa mwendo wa mtu mzee, mimi nimesimama nyuma ya nyumba yetu. Nilimsikia akipita mashamba, nikamsikia akiingia miyombo, nikamsikia mpaka alipofika kwenye ukingo wa korongo. Alipovuka, mlio ukawa unakuja na kupotea. Aliporudi alikuwa na jasho, na uso wake umefunguka kwa furaha. "Mpaka korongoni!" akasema. "Kwa miguu yake mama, kufika korongoni ni saa nzima na zaidi. Hata akitoka tukiwa shamba, tutamsikia kabla hajavuka."

Na shamba la kijiji lilikuwa upande huohuo, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa na akili. Tulijaribu tena na tena. Tukagundua kwamba ikivaliwa ndani ya kanga inaziba, lazima ikae juu ya nguo. Ikivaliwa tumboni, mwili wenyewe unakinga sauti isirudi nyuma kwetu, kwa hiyo ikae mgongoni. Jioni, ng'ombe wote wakirudi na kengele zao, hata mimi nilipotea, lakini Baba akasema jioni tutakuwa nyumbani. Tulifurahia kazi ile, naomba mnielewe. Tuliifanya vizuri, kama watu wanaotengeneza mtego wa sungura.

Kumbe tulipima kiangazi tu.

Bibi alifungwa asubuhi ya siku iliyofuata, kiunoni, fundo likiwa nyuma, isikofika mikono yake ya baridi yabisi. Baba alipiga magoti kumfunga. Alikuwa na adabu, hilo siwezi kumnyima. Akamwambia, "Mama, usione vibaya. Hata babu, baba yako, alikuwa akifunga njuga, wewe mwenyewe unatuhadithia. Ni ili tusikupoteze."

Bibi akamtazama kichwani, pale alipoinama, na aliporudisha jibu hakuwa na hasira hata kidogo.

"Baba yangu alijifunga mwenyewe," akasema.

Baba akamaliza fundo.

Nataka kusema jinsi ilivyokuwa, kwa sababu watu wanaposikia habari hii hudhani ni kichekesho. Bibi akiinuka, kengele. Akienda chooni, kengele. Akisujudu kuswali, kengele inaanguka upande mmoja inagonga mkeka, naye anangoja inyamaze ndipo aendelee. Watoto wa shule wakimwona wanaita, "Mo! Mo!" kama wanavyoita ndama. Kisimani wanawake wakamsogelea Mama wakimwuliza kwa upole wa uongo, "Mkwe wako anakamuliwa asubuhi au jioni?" Mama aliwajibu maneno ambayo siyaandiki hapa. Na yule balozi, aliposikia, alimwambia Baba, "Wewe si ulisema ng'ombe haelemewi na nunduye?" Baba akainamisha macho. Lakini kengele haikufunguliwa.

Na ilifanya kazi, hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Mara mbili tukiwa shambani niliisikia ikiingia porini, nikaacha jembe, nikamkimbilia Bibi na kumshika mkono kabla hajafika korongoni. Mara ya pili alikaa chini, akakataa kuinuka. Nilikaa naye. Nikamtania, "Mke mwenzangu, umechoka kunipikia?" Hakucheka.

"Wewe ndiye sikio lao?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, nina sikio kali, si alikuwa akinisifia mwenyewe?

"Zamani wezi walipokuja kuchukua ng'ombe wa babu yako," akasema, "mchungaji alikaa chini ya mti akisikiliza. Kengele kimya. Akasema ng'ombe wamelala. Kumbe wezi wamejaza majani kwenye kengele, ng'ombe wako njia ya Ziba." Kisha akanipa mkono nimwinue, tukarudi. Niliichukua kuwa ni hadithi nyingine ya zamani. Alikuwa na hadithi nyingi.

Mvua zikaanza. Miyombo ikachipua, kwanza majani mekundu halafu ya kijani, yakafunga pori lote, nyasi zikapanda mpaka kifuani. Mimi ndiye niliyegundua kwanza. Siku moja Bibi alikuwa anazunguka nyuma ya nyumba ya jirani wa tatu tu, na sikumsikia. Nikamwambia Baba kwamba kengele imepungua, majani yanainywa sauti yake, na mvua ikipiga ndiyo kabisa. Baba akasema, "Sasa korongo nalo linajaa. Hata asiposikika, hawezi kuvuka." Alikuwa na jibu kwa kila kitu, Baba yangu. Kwa hiyo tukaendelea kwenda shambani na kusikiliza, na kadiri kengele ilivyosikika kidogo ndivyo tulivyoiamini zaidi, kwa kuwa hatukuwa na kingine.

Siku yenyewe ilinyesha tangu asubuhi. Shamba liliahirishwa mpaka ipungue, tukawa ndani, sisi wote, Mama anapepeta mtama, mimi nashona, Baba ananoa jembe. Bibi alikuwa barazani chini ya upenu, mahali pake pa siku zote. Mara kwa mara tulisikia kengele ikigonga anapojisogeza asilowe. Halafu hatukuisikia, na tukasema amesinzia. Mama ndiye aliyetoka na uji. Akarudi na bakuli limejaa.

"Hayupo," akasema.

Baba alitoka mbio bila kofia. Mvua ilikuwa inapungua. Akasimama katikati ya uwanja, akanyoosha mkono tunyamaze. Tukanyamaza. Majirani wakatoka, akawanyamazisha nao. Watu kama ishirini wamesimama kwenye matope hawapumui, wanasikiliza. Maji yanadondoka kwenye paa. Vyura. Hakuna kengele.

Na hapa ndipo ujuzi wetu ulipotumaliza. Mtu asiyejua ng'ombe angefuata njia tu, angekimbilia kule anakojua mzee anapenda kwenda. Sisi ni wachungaji. Mchungaji anajua kwamba kengele ikinyamaza, mnyama hatembei: amelala, au amesimama kwenye kichaka. Anayetembea analia. Kwa hiyo Baba akasema, "Yuko karibu. Amekaa mahali. Angekuwa anatembea tungemsikia." Na kila mtu pale, wazee wenye ng'ombe zao tangu utoto, wakaitikia kwa kichwa. Mimi pia.

Mama hakuitikia. "Ameenda kwake," akasema. "Fuateni njia, mwende mpaka nyumbani kwake."

"Kwa miguu ile? Kimya hivi? Na korongo limejaa?"

"Nakuambia ameenda kwake."

"Mwanamke, kengele ingelia!" Baba alimpigia kelele mbele za watu, na hakuwa na kawaida hiyo.

"Sikio la kufa halisikii dawa," Mama akasema, akaingia ndani kufunga kanga ya pili aende mwenyewe. Balozi akamzuia, akasema mwanamke mmoja hawezi kwenda matongoni peke yake na fisi wale, na yeye hawezi kuruhusu watu wa kijiji kwenda kule bila kuuliza juu. Angoje tumalize hapa karibu kwanza. Mama akakaa kizingitini, akaanza kulia.

Tulitafuta vichakani. Tunakwenda hatua chache, tunasimama, Baba anainua mkono, tunasikiliza. Tunakwenda tena. Mpaka giza likaingia tulikuwa hatujafika mbali kuliko anakofika mtoto aliyetumwa kuni. Kesho yake tukaanza tena, duara kubwa kidogo, tunasimama na kusikiliza. Wengine walishaanza kusema amechukuliwa na mnyama. Mimi sikio langu lilikuwa linauma kwa kusikiliza. Nilisikia kengele kila mahali, kwenye maji, kwenye ndege, na kila nilipoikimbilia palikuwa hapana kitu. Watu waliniamini, wakanifuata. Kwa hiyo hata sikio langu kali lilitupotezea muda.

Asubuhi ya siku iliyofuata Mama aliondoka bila kumuaga mtu yeyote. Baba alipoona hayupo, alifahamu amekwenda wapi, na aliniambia tu, "Twende." Hakumwuliza balozi. Tulimkuta Mama kwenye korongo, maji yanakwenda kwa kasi, ya rangi ya chai. Pale tulipozoea kuvuka palikuwa hapavukiki, Baba alisema kweli. Lakini Mama alikuwa anapanda kwa juu, akifuata ukingo, na sisi tukamfuata, mpaka penye miamba mipana ambapo ile njia ya zamani ilikuwa ikivuka. Maji yalifika kwenye magoti tu. Wapagazi hawakuwa wajinga. Baba alisimama pale juu ya mwamba, mkono kinywani. Sote watatu tulijua kwamba Bibi alipajua, na kwamba alituhadithia.

Tulimkuta kwenye matongo yetu. Amekaa kwenye jiwe lake la kusagia, mgongo umeegemea kipande cha ukuta kilichobaki, kanga imelowa imeshikana na mwili. Alikuwa amepoa lakini hajakakamaa. Fisi hawakumgusa. Kaburi la babu lilikuwa limepaliliwa, nyasi zimerundikwa pembeni, na zile za chini ya rundo zilishaanza kunyauka. Karibu na miguu yake palikuwa na maganda ya mihogo aliyoichimba kwenye shamba letu la zamani. Mengine yameshakuwa meusi, mengine bado meupe. Alikuwa amekula zaidi ya mara moja. Alikuwa hai wakati sisi tumesimama vichakani tunainua mikono na kunyamazishana. Mama aliyaona maganda yale, akamtazama Baba tu; Mungu amrehemu, angeweza kusema mengi.

Baba alipiga magoti ubavuni pake, kama siku ile alipomfunga. Kengele ilikuwa pale pale kiunoni. Aliishika, akaitikisa, haikulia. Akaigeuza mdomo juu. Ilikuwa imejazwa majani. Hayakuwa yameingia kwa bahati mbaya, yalikuwa yamekunjwa vizuri na kushindiliwa kuuzunguka ulimi, kazi ya mkono wenye subira. Wezi wa ng'ombe wasingeweza kuifanya vizuri zaidi. Fundo hakulifikia, lakini kengele aliweza kuitelezesha kwenye ukanda mpaka mbele.

Baba akaanza kuyavuta. Nilidhani yatakuwa mabichi, majani ya njiani. Yalikuwa nyasi kavu, ndefu, zina masizi ya moshi kwenye ncha. Katika pori lote lile lililolowa hapakuwa na nyasi kavu hata moja.

"Ni za upenu wetu," Baba akasema.

Alikuwa amezichomoa juu ya kichwa chake, akiwa amekaa barazani. Sisi tuko ndani, ukuta mmoja katikati, tunasikia kengele ikigonga tunasema anajisogeza asilowe. Halafu ikanyamaza, tukasema amesinzia. Mtu tuliyesema akili zimemtoka! Alikaa pale akatuziba masikio, unyasi kwa unyasi, hana haraka, akainuka akaenda zake mchana kweupe. Nilihisi hasira mpaka meno yakauma, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani. Baba alikuwa amekaa kwenye matope na zile nyasi mkononi, analia kwa sauti kama mwanamke, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona hivyo.

Mama akamwambia aende kijijini akalete sanda na watu. Baba akasema atamzika pale pale, pembeni ya babu, na atakayeuliza aulize. Hiyo nayo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo. Nikaenda kutafuta maji safi ya kumwoshea. Niliporudi na maji kwenye kibuyu cha Bibi, nikainama kumfungua Bibi kanga, na Mama akanishika mkono.

"Ngoja kwanza," akasema.

Akachomoa kisu alichokuja nacho kutoka nyumbani, akakata ule ukanda wa ngozi, akaitupa kengele kwenye majani huko.

"Haya," akasema. "Sasa tumwoshe mtu."